Maswali ya aya fupi kwenye usaili wa mchujo: jinsi ya kujua kauli ipi imetoka kwenye aya na ipi umeileta mwenyewe

Wadau habari za saa hizi. Mi nakaa Ipagala hapa Dodoma, na kila yakitoka majina ya usaili nyumba yangu inajaa, mpwa wa shemeji kashuka stendi ya Nanenane usiku, binamu kaja na SGR, binti wa jirani zetu kule Kongwa kaja na begi dogo na bahasha ya vyeti kaikumbatia. Wamesoma kweli, sheria za utumishi wanazo kichwani, mambo ya fani zao wanayo, alafu jioni wanarudi wamekaa kimya na ukiwauliza wanakwambia "kaka, zile za aya ndo zimenimaliza". Nimekaa na hawa vijana Jumamosi nyingi chini ya mwarobaini hapo nje hadi nikaona bora niandike yote sehemu moja, manake haya maswali yanafundishika kabisa, na inaniuma mtu mwenye akili zake timamu kuachwa kwa sababu hajawahi kuambiwa swali linataka nini.

Maswali yenyewe yako hivi. Unapewa aya fupi, sentensi tatu mpaka sita hivi, chini yake kuna kauli moja au kadhaa, na kwa kila kauli unachagua: Kweli, Si kweli, au Haijulikani. Kweli manake aya ikishakuwa sahihi basi kauli lazima iwe sahihi. Si kweli manake aya ikishakuwa sahihi basi kauli haiwezi kuwa sahihi. Haijulikani ni kila kitu kinachobaki katikati, na hapo katikati ndo watu wengi wanapotelea kwa sababu wanaona aibu kujibu "haijulikani", wanahisi kama wanakiri kuwa hawajui. Ndugu yangu, Haijulikani ni jibu kamili kama mengine, lina maksi zake.

Kuna aina nyingine yenye majibu matano, hiyo asili yake ni Marekani, kwenye jaribio la Goodwin Watson na Edward Glaser, na waajiri wengi duniani wanalitumia au wanaiga mtindo wake. Ntaifikia mbele, tuanze na hii ya majibu matatu kwanza.

Hatua ya kwanza: acha ujuzi wako mlangoni

Hii ndo ngumu kuliko zote, kwa iyo ntakaa hapa kidogo. Chukua aya hii niliyoitunga kwa mambo ya kweli tupu:

"Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Mwezi Julai mwaka huohuo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma."

Kauli: "Kabla ya mwaka 2024 hakukuwa na treni ya abiria iliyofika Dodoma."

Nilivyowapa vijana hii, wote walijibu Si kweli, na walijibu kwa nguvu. Binti wa Kongwa akasema "lakini kaka reli ya kati si ipo toka enzi za Mjerumani, babu yangu kapanda treni hapa stesheni!" Ni kweli tupu, babu kapanda. Lakini nionyeshe ni neno gani kwenye aya linasema hivo. Hamna. Aya imeongelea SGR tu, haijagusa treni nyingine yoyote, kwa iyo jibu ni Haijulikani. Binti alibisha kama robo saa nzima, eti "sasa nijifanye sijui kitu ninachokijua?" Ndiyo, kwa zile dakika za mtihani jifanye umezaliwa leo asubuhi na kitu pekee ulichowahi kusoma maishani ni ile aya (Kiswahili na hesabu za kawaida unabaki nazo). Mtungaji wa swali hapimi unaijua Dodoma kiasi gani, anapima kama unaweza kutofautisha ulichoambiwa na ulichokijaza mwenyewe.

Na hapa aliyesoma sana ndo anaumia zaidi. Aya ikihusu afya, nesi ndo anaongoza kukosea, ikihusu kilimo anakosea bwana shamba, kwa sababu kichwa kinajaza mapengo chenyewe hata hujashtuka. Ukiona aya inahusu fani yako punguza spidi. Kila neno unalotaka kulitegemea, weka kidole pale lilipoandikwa. Kidole kikikosa pa kutua, hilo neno umelileta wewe.

Hatua ya pili: aya kwanza, kauli baadae

Najua wapo wanaofundisha usome kauli kwanza ndo uende kwenye aya kutafuta. Kwa aya ndefu ya kurasa mbili sawa, ila kwa hizi fupi mi sikubaliani nao, manake ukitangulia kauli unaenda kwenye aya kuwinda maneno yanayofanana, ukiyakuta unaweka Kweli chap, na watungaji wanalijua hilo ndo maana kauli ya uongo mara nyingi inatumia maneno yaleyale ya aya na kauli ya kweli inakuja na maneno tofauti. Soma aya mara moja taratibu, ni sekunde ishirini tu, alafu kauli, alafu rudi kwenye ile sentensi inayohusika.

Hatua ya tatu: kamata maneno madogo

Kauli nyingi zinaanguka kwa neno moja dogo. Ukiwa na karatasi pembeni yaandike: wote, wengi, baadhi, hakuna, pekee, angalau, huenda, kawaida. Matatu nayaeleza kwa kirefu kwa sababu ndo yanayoua.

Baadhi. Mtaani ukisema "baadhi ya wauza zabibu soko la Majengo wanatoka Hombolo" mtu anaelewa kuwa wengine hawatoki huko. Kwenye haya maswali siyo hivo. Baadhi manake angalau mmoja, labda kumi, labda hata wote. Kwa iyo kauli ikisema "baadhi ya wauza zabibu wa Majengo hawatoki Hombolo" jibu ni Haijulikani, hata kama masikio yako yanakwambia ni Kweli.

Wengi. Chukulia manake zaidi ya nusu. Haigeuki kuwa wote, na haigeuki kuwa "karibu wote". Ila kuna jambo zuri hapa ambalo watu hawalijui. Aya ikisema wengi wa mama ntilie wa mtaa fulani wanapokea malipo kwa simu, na wengi wa haohao mama ntilie wanakopesha wateja, basi lazima awepo angalau mmoja anayefanya yote mawili. Piga hesabu: wako kumi, sita wanapokea kwa simu, sita wanakopesha, sita na sita ni kumi na mbili, watu wako kumi, kwa iyo angalau wawili wameingia kote kote. Hiyo ni Kweli bila wasiwasi. Lakini iwe "baadhi" na "baadhi" hesabu inakufa, kwa simu wanaweza kuwa watatu na wanaokopesha wengine watatu kabisa.

Pekee. Tangazo la usaili linasema "wenye kitambulisho pekee ndio watakaoruhusiwa kuingia". Kauli ya kwanza: "Kila mwenye kitambulisho ataruhusiwa kuingia." Haijulikani, huenda kuna masharti mengine, umechelewa, jina halipo kwenye orodha. Kauli ya pili: "Aliyeruhusiwa kuingia alikuwa na kitambulisho." Kweli. "Pekee" inafunga mlango upande mmoja tu, inamzuia asiye nacho, haimuahidi chochote mwenye nacho. Ukiielewa hii moja umeokoa maksi nyingi sana.

Na kwa kuwa mitihani mingi inakuja kwa Kiingereza, kuna neno moja linalowachanganya wanetu wengi, "unless". Kila ukiliona weka "kama si" mahali pake. "Hutapewa mkopo kama si mwanachama." Hapo inaeleweka: asiye mwanachama hapewi. Kuhusu mwanachama haijasema kitu.

Hatua ya nne: jaribu kuiangusha kauli

Kama utasahau yote beba hii. Ukishasoma kauli jiulize: naweza kutunga hali ambayo kila neno la aya ni sahihi na bado kauli ni uongo? Ukiweza, hata kama hali yenyewe ni ya ajabu, kauli siyo Kweli. Alafu geuza: naweza kutunga hali ambayo aya ni sahihi na kauli nayo ni sahihi? Ukiweza, kauli siyo Si kweli. Ukiweza zote mbili ni Haijulikani, basi, umemaliza.

Tuifanyie kazi kwa namba za hapa kwetu. Aya:

"Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,083,588 katika Mkoa wa Dodoma. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa serikali itahamia Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika mkoa huo."

Kauli A: "Watu waliohesabiwa Dodoma mwaka 2022 waliwazidi wa mwaka 2012 kwa zaidi ya milioni moja." Toa tu. Inakuja 1,002,037. Siwezi kuiangusha kwa namna yoyote, ni Kweli. Ona kwamba milioni moja haijaandikwa popote kwenye aya, na bado ni Kweli, kwa sababu hesabu inaruhusiwa. Kuna vijana wanaogopa kila kitu ambacho hakijaandikwa neno kwa neno, hao nao wanakosea kwa upande wa pili.

Kauli B: "Idadi ya watu iliongezeka kwa zaidi ya nusu ya ile ya 2012." Nusu ya 2,083,588 ni 1,041,794. Ongezeko ni 1,002,037. Halijafika. Si kweli. Hapa ukikadiria kwa macho umekwisha, namba zimekaribiana, kokotoa.

Kauli C: "Idadi iliongezeka kwa sababu serikali ilihamia Dodoma." Hii ndo inawabeba karibu wote. Sisi tunaoishi hapa tumeona kwa macho yetu, viwanja vimepanda bei, nyumba zimeota kila kona. Lakini aya imeweka mambo matatu kwa mpangilio wa miaka tu, haijasema moja limesababisha jingine. Naiangusha hivi: chukulia ongezeko lote ni watoto waliozaliwa hapa mkoani. Kila sentensi ya aya bado iko sahihi, kauli imeanguka. Haijulikani.

Kauli D: "Zaidi ya watu milioni moja walihamia Dodoma kati ya 2012 na 2022." Ugonjwa uleule wa C. Kuongezeka siyo kuhamia. Haijulikani.

Kauli E: "Mwaka 2017 Dodoma ilikuwa na watu wengi kuliko mwaka 2012." Wote chini ya mwarobaini walisema Kweli, hata mimi mara ya kwanza nilisitasita. Lakini una namba za miaka miwili tu, katikati hujaambiwa kitu, huenda idadi ilishuka kwanza ndo ikapanda. Haiwezekani kirahisi, sawa, ila aya haijaizuia. Haijulikani. Ikumbuke hii E, tutairudia.

Kwenye mambo ya sababu hapohapo, kuwa macho na aya zinazopanga matukio kwa "baada ya", "tangu", "kufuatia". Kitu kutokea baada ya kingine hakijawa mtoto wake. Na asilimia nazo: shule moja imefaulisha asilimia 90, nyingine asilimia 70, kauli inasema ya kwanza imefaulisha wanafunzi wengi zaidi, hujaambiwa kila shule ina wanafunzi wangapi, Haijulikani, songa mbele.

Hatua ya tano: sentensi za "kama"

Aya inasema: "Korongo likijaa maji, daladala za njia hii hazipiti." Kutoka hapo zinaweza kutungwa kauli nne na mbili tu ndo halali.

Korongo limejaa, kwa iyo daladala hazipiti: halali. Daladala zinapita, kwa iyo korongo halijajaa: halali pia, manake lingejaa zisingepita. Daladala hazipiti, kwa iyo korongo limejaa: hapana, labda madereva wamegoma. Korongo halijajaa, kwa iyo daladala zinapita: hapana tena, kwa sababu hiyohiyo ya mgomo. Hizo mbili za mwisho zina sura nzuri kabisa, ukizisoma haraka zinapita kooni bila shida, ndo maana zinawekwa.

Usijione mjinga zikikushinda. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alitunga jaribio la kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Mezani unaziona E, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kadi ikiwa na irabu upande mmoja, upande wa pili ina namba shufwa. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili ujue kama kanuni imevunjwa? Jaribu kabla hujaendelea kusoma.

Wengi sana wanasema E na 4, au E peke yake. Jibu ni E na 7. E kwa sababu nyuma yake lazima iwe shufwa, 7 kwa sababu nyuma yake pakiwa na irabu kanuni imevunjika. Ile 4 haina kazi, hata nyuma yake kukiwa na K, kanuni haijasema chochote kuhusu konsonanti. Wasomi wa vyuo walikosea kwa wingi, kwa iyo siyo suala la shule umesoma wapi.

Ila miaka ya baadae, 1982, watafiti Griggs na Cox walileta kanuni ya umbo lilelile ila wakaivalisha mambo ya maisha, anayekunywa bia lazima awe amefikisha umri fulani, na watu wakapatia vizuri mno. Hapo ndo nilipopata njia ninayowafundisha vijana. Ukikutana na "kama" ya ajabuajabu igeuze iwe trafiki. Kanuni: ukiendesha bodaboda lazima uwe na leseni. Trafiki pale barabarani anamsimamisha nani? Anayeendesha, aone kama ana leseni. Na akijua fulani hana leseni anamwangalia kama anaendesha. Yule mwenye leseni aliyekaa kibandani anakunywa chai hamhusu. Wala anayetembea kwa miguu. Kijana mmoja wa Bahi alikuwa anakosea hizi wiki tatu mfululizo, nilivyomwambia "we fikiria trafiki" akazipata zote tano jioni ileile, na toka siku hiyo akifika kwenye "kama" unamsikia ananong'ona "leseni, leseni".

Na ile ya "wote" iko hivohivo. Wote waliofaulu walifanya mazoezi, haina maana wote waliofanya mazoezi walifaulu. Geuza iwe "kama umefaulu basi ulifanya mazoezi" na utaiona.

Hatua ya sita: ukikutana na majibu matano

Soma maelekezo kwanza, tena taratibu, kwa sababu hapa sheria inabadilika. Majibu ni Kweli, Pengine kweli, Data hazitoshi, Pengine si kweli, Si kweli. Hapa unaruhusiwa kutumia ujuzi wa kawaida ambao kila mtu anao, na unaruhusiwa kupima uwezekano. Ile kauli E ya mwaka 2017 niliyosema muikumbuke, huku inakuwa Pengine kweli. Aya ileile, kauli ileile, jibu tofauti kwa sababu swali limeuliza kitu tofauti. Mtu akiingia na sheria ya majibu matatu kwenye mtihani wa majibu matano anapoteza sehemu nzima, na hatojua amepotezea wapi.

Mfano. "Fundi cherehani wa Sabasaba hushona sare za shule. Mwezi Novemba alinunua cherehani ya pili na kumwajiri msaidizi. Disemba na Januari alifunga kibanda saa nne usiku. Februari msaidizi aliondoka, na fundi akarudi kwenye utaratibu wake wa zamani wa kufunga saa kumi na mbili jioni."

"Kuna kipindi fundi alifunga baada ya saa kumi na mbili jioni." Kweli, imo.

"Februari alifunga usiku zaidi kuliko Disemba." Si kweli, aya inaipinga waziwazi.

"Disemba na Januari alikuwa na kazi nyingi kuliko Februari." Aya haijasema. Lakini kaongeza cherehani, kaongeza mtu, anafunga usiku, na kila mzazi Tanzania anajua shule zinafunguliwa Januari na sare zinashonwa kabla. Pengine kweli. Usiipe Kweli, manake huenda alikesha kwa sababu umeme ulikuwa unakatika mchana.

"Januari fundi alikosa wateja." Pengine si kweli, kwa sababu zilezile upande wa pili.

"Msaidizi alifukuzwa." Huenda kafukuzwa, huenda mkataba umeisha, huenda kaolewa, hamna kitu kinachovutia upande wowote. Data hazitoshi. Hapa ndo mpaka wenyewe ulipo: ukitaka kuweka "pengine" lazima uweze kutaja neno la kwenye aya linalosukuma upande huo. Hamna neno, hamna pengine.

"Januari alikuwa na cherehani zaidi ya moja." Hii tulibishana hadi chakula kikapoa. Kanunua ya pili Novemba, ila aya haijasema ile ya kwanza bado anayo Januari, anaweza akawa ameiuza. Mi naiweka Pengine kweli.

Muda na mazoezi

Lile la Watson na Glaser kwenye toleo jipya lina maswali 40 kwa dakika 30, gawanya mwenyewe, ni sekunde 45 kwa kila swali. Na hiyo ni pamoja na kusoma. Kwa iyo kauli moja ikikushika shingo, chagua unaloona lina nguvu, weka alama kama mfumo unaruhusu, nenda. Na kama mtihani wako ni wa kwenye kompyuta, fanya mazoezi kwenye skrini, siyo karatasi tu, kusoma aya kwenye skrini ni kitu kingine kabisa na huwezi kupigia mstari kwa kalamu.

Mazoezi nenda kauli kumi kwa siku, siyo mia siku moja kabla. Na kila ukikosea usiishie kusema "aah kumbe", nunua daftari la shilingi chache uandike kosa lilikuwa la aina gani. Sisi tunatumia maneno matatu. NIMEONGEZA, nimeleta kitu ambacho hakipo kwenye aya. NIMEGEUZA, nimesoma "kama" au "wote" kinyumenyume. NIMEPANUA, aya imesema baadhi mimi nimesikia wote, imesema huenda mimi nimesikia ndiyo. Baada ya wiki mbili ukihesabu utakuta kosa lako ni moja linalojirudia. Binti wa Kongwa daftari lake lilijaa NIMEONGEZA kurasa nzima, kugeuza aligeuza mara moja tu, kwa iyo tukaacha kabisa kupoteza muda kwenye "kama" tukakomaa na kidole tu: neno liko wapi, nionyeshe.

Maswali yakiisha usikae unasubiri mtu akutumie mengine. Chukua habari yoyote fupi, tangazo la ukutani, habari ya mtandaoni, andika kauli tatu: moja ya Kweli, moja ya Si kweli, moja ya Haijulikani, alafu mpe mwenzako ajibu. Kutunga kunafundisha kuliko kujibu, manake ukitaka kumtega mwenzako lazima ujue mtego uko wapi. Ile ya Haijulikani itungeni iwe na sura ya ukweli kabisa, ndo mchezo ulipo.

Nawaachia moja mjaribu usiku huu, ni ya majibu matatu.

"Katika kikundi kimoja cha wakulima wa zabibu, wote wenye visima humwagilia wakati wa kiangazi. Hakuna anayemwagilia wakati wa kiangazi aliyeuza shamba lake mwaka huu. Baadhi ya wanakikundi waliuza mashamba yao mwaka huu."

Moja: baadhi ya wanakikundi hawana visima. Mbili: wote wasio na visima waliuza mashamba yao. Tatu: hakuna mwenye kisima aliyeuza shamba lake mwaka huu.

Fanya kwanza ndo uteremke.

Ya tatu ni Kweli, mwenye kisima anamwagilia, anayemwagilia hajauza. Ya kwanza nayo ni Kweli, kwa sababu wapo waliouza, na aliyeuza hamwagilii, na asiyemwagilia hawezi kuwa na kisima, rudi kwenye trafiki utaona. Ya pili Haijulikani: mtu anaweza akawa hana kisima, ananunua maji ya boza, na shamba lake bado analo.